Picha ya Kweli ya Daktari wa Uongo

Tone bado linaning'inia.

Wiki nzima, msomaji, umelala ukaamka, umekula ukashiba, na tone lile lile limegoma kudondoka kwenye ncha ya chupa, nusu shibiri juu ya jicho la mama mkwe. Mpiga picha naye hajaondoka alipokuwa: katikati ya sebule, simu mkononi, kinywa wazi kama mlango wa duka lisilo na wateja.

Tulimwacha akiikuza picha ya Daktari Bingwa, yule wa mtandaoni, yule ambaye matone yake huyeyusha mtoto wa jicho kwa siku saba, bila kisu wala uzi. Tulimwacha ameona kitu ubavuni mwa koti jeupe la bingwa huyo, kitu kilichomkausha mate.

Ni vibanio viwili vya nguo. Kimoja chekundu, kimoja cha buluu.

Vibanio vyake yeye mwenyewe.

"Mama, usitie!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mama mkwe akaruka, tone likaponyoka, likamwangukia puani.

"Mkwe wangu," akasema huku akijifuta kwa upindo wa mtandio, "ukitaka kuniua, niue kwa adabu. Piga hodi kwanza."

"Kuna nini?" mkewe akauliza kutoka mlangoni.

"Kuna wivu," akajibu shemeji.

Shemeji huyu ni kaka wa mkewe. Mchana huuza viatu, lakini kazi aliyozaliwa nayo ni kusambaza. Ndiye msimamizi wa grupu la ukoo, watu mia moja na sita, na hakuna ujumbe unaopita kwake bila kuugonga muhuri wa neno moja: "Nimethibitisha." Ndiyo maana ukoo mzima ukampa jina hilo, Nimethibitisha, naye akalipokea kama cheo.

"Dawa hii ni ya uongo," mpiga picha akasema.



Hapa inafaa ujue kilichokuwa mezani. Jicho la kushoto la mama mkwe lilikwisha shusha pazia mwaka juzi. La kulia ndilo lililobaki, nalo lilikuwa limeingia ukungu. Daktari wa upasuaji wa macho, ambaye hufika hospitali ya mji kila baada ya miezi sita, alikuwapo, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha. Mama alikuwa amekataa, na kwa siku tatu alikuwa akijitia matone asubuhi na jioni. Kwa nini apasuliwe, na Daktari Bingwa ameahidi kuyeyusha?

Na ni nani aliyempa mama moyo wa kumwamini Daktari Bingwa?

Ni huyo huyo mpiga picha! Wiki tatu zilizopita walimletea picha ya bingwa, wakamwambia, "Wewe ndiye fundi, tukagulie." Akavaa miwani. Akakagua nywele, akakagua shingo, akakagua kivuli chini ya kidevu, maana picha iliyobandikwa kichwa cha mtu mwingine huumbuka hapo. Akavua miwani kama hakimu. "Haijaguswa," akatamka. "Picha hii ni ya kweli tupu."

Na kweli ilikuwa ya kweli. Fundi alikagua mshono asiitazame nguo. Ilikuwa picha ya nusu mwili, imekatwa kifuani. Leo asubuhi ndipo Nimethibitisha alipotuma tangazo jipya lenye picha nzima, na vibanio vikajitokeza kiunoni.

"Nani kasema ni ya uongo?" Nimethibitisha akauliza.

Mpiga picha aliona aibu. Na mwenye aibu, msomaji, hukimbilia uongo mdogo kuficha ujinga mkubwa.

"Nimesoma mtandaoni," akasema.

Lo! Kama kwamba amepiga filimbi ya vita.

"Ukurasa gani?"

"Nani kaandika?"

"Ana elimu gani huyo aliyeandika?"

"Ameandika lini? Isije ikawa habari ya zamani!"

"Na yeye anauza nini?" mama mkwe akamalizia, kidole juu. "Mtu hakosoi dawa ya mwenzake bure."

Tazama maajabu! Watu waliomeza uongo bila kutafuna, ukweli ulipoletwa wakaanza kuuchambua miiba. Maswali yote hayo yalikuwa mazuri, tena ya maana. Yalichelewa wiki tatu tu.

"Na wewe, shemeji," mpiga picha akamgeukia, "ya kwako uliithibitisha vipi?"

"Niliiona kwenye magrupu matatu tofauti."

"Magrupu yapi?"

"La ukoo, la wauza viatu na la mtaa."

"Nani aliituma kwenye la wauza viatu?"

"Mimi."

"La mtaa?"

"Mimi. Lakini iliporudi," Nimethibitisha akainua simu kama mwenye cheti, "ilirudi imeandikwa hapa juu, soma: imesambazwa mara nyingi. Kitu cha uongo kingesambazwa mara nyingi? Lisemwalo lipo, shemeji!"

"Lisemwalo unalisema wewe!"

"Punguzeni sauti," mama mkwe akasema. "Macho yangu ni mabovu, masikio ni mazima." Akaichukua chupa tena, akainua uso.

Saa ya ukutani ilisoma saa nne na nusu. Daktari hufunga saa sita. Mpiga picha akaona tone jipya linavimba kwenye ncha, akajua kwamba heshima yake na jicho la mama haviwezi kutoka sebuleni humo vyote viwili.

"Picha ile niliipiga mimi!"

Chupa ikasimama hewani.

"Yule si daktari. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuja studio mwaka jana, mikono imejaa masizi, akaniambia, nipige nionekane msomi, nataka kuwatumia wakwe zangu. Nikampa lile koti jeupe la kuazimisha. Likampwaya, nikalibana ubavuni kwa vibanio. Ile rafu ya vitabu mgongoni mwake ni shuka nililolichora mwenyewe."

"Ngoja kwanza," Nimethibitisha akasema. "Si wewe uliyetuambia picha ni ya kweli?"

"Picha ni ya kweli. Mtu ndiye wa uongo."

Mama mkwe akageuza uso kuelekea sauti ilipotoka. "Picha ya kweli ya mtu wa uongo. Mkwe wangu, leo umekunywa chai?"

"Umepiga picha za maelfu ya watu, mume wangu," mkewe akasema haraka. "Utamkumbukaje mmoja? Utatia watu hofu bure."

Mpiga picha akatoka mbio bila viatu. Studio iko upande wa pili wa barabara, na muuza magazeti wa pale kona aliapa baadaye kwamba hakuwahi kumwona mtu mzito akiruka mtaro vile. Alirudi anahema, koti jeupe begani, shuka la vitabu kwapani, vibanio menoni kama mbwa aliyeokota mfupa.

Akalitundika shuka kwenye misumari ya pazia. Akalivaa koti. Akajibana kiunoni, chekundu juu, cha buluu chini. Akasimama kama yule wa kwenye simu, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu.

Nimethibitisha akatazama simu, akamtazama shemeji yake. Akatazama tena simu. Mkunjo wa shuka ulipita juu ya vitabu vile vile.

Ungetarajia akubali. Humjui!

"Hiyo inathibitisha kwamba daktari alipita kwako kupiga picha," akasema. "Hata madaktari hupiga picha."

"Koti ni la kwangu!"

"Alisahau la kwake."

"Shemeji, koti halimfanyi mtu daktari!"

"Watu si wajinga. Koti tupu haliwezi kumdanganya mtu mzima. Tufanye jaribio." Nimethibitisha akainuka, akampiga picha hapo hapo. "Naituma kwenye grupu bila neno hata moja. Wote wanakujua. Wakikuita daktari, mimi naacha kusambaza mwezi mzima."

Ukoo haujawahi kusikia kiapo kizito kama hicho. Picha ikaenda.

Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, simu ikalia.

"Hongera sana!" akaandika binamu mmoja. "Tulijua utafika mbali."

"Mungu ameinua ukoo wetu," akaandika shangazi.

"Daktari, nina kipele mgongoni, nikutumie picha?" akauliza mjomba, na kabla hajajibiwa akatuma picha, tena kubwa.

Ukaja ujumbe wa sauti. Alikuwa dada wa mama mkwe, mama mdogo, mwenye sauti ya kufukuza kunguru. "Mkwe! Kumbe siku zote una elimu na unatuficha! Nikuletee goti langu lini? Na usinitoze, mimi ndiye niliyekuimbia harusini!"

Watu kumi na mmoja kwa dakika nne. Kutoka grupu la ukoo picha iliruka hadi la mtaa, kutoka la mtaa hadi kusikojulikana, na simu ya mpiga picha ikaanza kupigwa na watu asiowajua. Mmoja alikuwa na jino, mwingine alikuwa na mbuzi asiyenyonyesha.

Nimethibitisha alikaa chini polepole. Akamtazama shemeji yake kwa macho mapya, yenye unyenyekevu.

"Shemeji," akauliza kwa sauti ya chini, "ulisomea wapi?"

"Nisomee nini?"

"Watu kumi na mmoja hawawezi wote kukosea."

Mpiga picha alitaka kulia. Ameleta ushahidi, ushahidi wenyewe umegeuka tangazo! Alifumba macho, na alipoyafumbua aliona mama mkwe amesimama mbele yake, anapapasa koti. Vidole vyake vilishuka begani, vikapita mfukoni, vikafika kiunoni, vikakuta kibanio cha kwanza, kisha cha pili. Akavifungua, akavifunga. Koti likapwaya, likabana.

"Rudia ile sauti ya mdogo wangu," akasema.

Wakairudia. Goti, elimu, harusi.

"Mdogo wangu huyu," mama mkwe akasema, "alicheza kwenye harusi yako mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Umempiga picha mara ishirini. Anajua kwamba ukiona damu unazimia. Na bado, kwa koti tu, amekusahau ndani ya dakika mbili. Ana macho mawili mazima. Mimi mwenye nusu jicho ningepona vipi?"

Akaichukua chupa mezani, akamkabidhi mpiga picha.

"Nileteeni viatu. Watoto wangu wawili wananitosha. Huyu wa jicho atoke leo."

Mpiga picha nusura ambusu. Mkewe alileta viatu, akamvalisha mama yake, akafunga kamba kwa uangalifu.

"Nyinyi nendeni," akasema. "Mimi nitafungua studio, kuna wateja wa picha za vitambulisho."

Saa tano na robo walikuwa hospitalini, kwenye korido ndefu yenye benchi moja refu na wagonjwa kumi na watano, kila mmoja na jicho lake. Mama alikuwa wa mwisho. Muuguzi wa kwenye meza, mwanamke mnene mwenye kalamu nyweleni, akalitafuta jina lake kwenye orodha.

"Mmechelewa," akasema.

"Tulikuwa tunathibitisha," akajibu Nimethibitisha.

Zamu yao ilifika saa tano na nusu, maana wengi walikuwa wa kufunguliwa bandeji tu. Mlango ukafunguliwa, akatoka daktari, mwanamke mfupi, macho yamechoka. Kabla hajasema karibu, mama mkwe alikwisha kumshika ubavuni, anampapasa.

"Mama, umepoteza nini?"

"Natafuta vibanio."

Mpiga picha akataka ardhi ipasuke.

"Hakuna," mama mkwe akatangaza benchi zima lisikie. "Limemkaa. Lakini koti kumkaa mtu nako si ushahidi. Mwanangu, nitajuaje kwamba wewe ni daktari?"

Daktari hakukasirika. Pengine hakuwa na muda wa kukasirika.

"Usiniulize mimi, mama. Hata tapeli atakwambia ni daktari. Muulize muuguzi yule, hospitali ndiyo iliyoniita, jina langu analo kwenye barua. Kisha waulize wale watatu pale mwisho wa benchi, niliwapasua jana."

Mama mkwe alikwenda akauliza. Aliuliza wote watatu, mmoja mmoja, tena kila mmoja kwa kumnong'oneza ili wasiigane. Mzee wa mwisho alimsomea tangazo lililobandikwa ukuta wa mbele, mstari kwa mstari, mpaka jina la kiwanda cha uchapaji kwa chini. Mama akarudi, akaketi kwenye kiti cha daktari.

"Tazama," akasema.

Daktari akawasha taa ndogo, akatazama. Akaizima. Akaiwasha tena. Na tabasamu lililokuwa limeanza likarudi lilikotoka.

"Jicho hili ni jekundu. Limetiwa nini?"

Mpiga picha akatoa chupa. Daktari akainusa, akaitikisa kwenye mwanga, akaisoma. Palikuwa na picha ya fundi wa kuchomelea, na chini yake namba ya simu ambayo hakuna aliyeitambua. Hapakuwa na jina la dawa wala la kiwanda.

"Sikilizeni," akasema. "Kama haya ni maji, nitaliosha jicho na kuendelea sasa hivi. Kama ni kitu kikali, nikiweka kisu leo nitalimaliza. Siwezi kukisia, jicho lenyewe ni moja. Nahitaji aliyetengeneza aniambie alitia nini."

"Na tukimkosa?" mpiga picha akauliza.

"Saa sita gari linanichukua. Nitarudi baada ya miezi sita."

"Jicho litasubiri?"

Daktari akamtazama mama kwanza, kisha yeye. "Hili halina miezi sita."

Saa ilikuwa tano na dakika arobaini na nane.

Mpiga picha akatoa simu kupiga. Giza! Jino, mbuzi, kipele na goti vilikuwa vimemaliza chaji yote. Ya Nimethibitisha nayo ilikuwa imeganda, inapokea hongera. Muuguzi, aliyekuwa akisikia yote kupitia mlango ulioachwa wazi, akasonya, akaja na ya kwake.

"Tumia hii. Na uweke sauti ya juu, daktari asikie majibu."

Akaisoma namba kwenye chupa, akaibonyeza, akaiweka mezani. Ikaita mara moja. Ikaita mara mbili. Korido nzima ilikuwa imenyamaza, maana mgonjwa wa macho hana starehe nyingine ila kusikiliza.

"Haloo, karibu," ikasema sauti ya kike, tamu, iliyonyooshwa kama shati la ofisini. "Umefika ofisi ya Daktari Bingwa. Kwa sasa daktari yupo chumba cha upasuaji, naweza kukusaidia?"

Mpiga picha akaishika meza. Sauti ile ilimwamsha kila asubuhi. Sauti ile ilikuwa imemwambia, saa moja tu iliyopita, kwamba inakwenda kufungua studio.

"Si yeye," akanong'ona. "Mama, usiamini. Siku hizi sauti zinatengenezwa na mashine."

"Hii," mama mkwe akasema, "niliitengeneza mimi. Kwa miezi tisa."

Nimethibitisha akafungua kinywa kusema neno lake. Kwa mara ya kwanza maishani, halikutoka.

"Haloo?" sauti ikauliza. "Unahitaji chupa ngapi?"

Mama mkwe akapapasa meza mpaka akaipata simu. Akaisogeza mdomoni kama mtu anayemnong'oneza mtoto kitandani.

"Mwanangu, ni mimi mama yako. Niko kwenye kiti cha daktari, kisu kiko tayari, na zimebaki dakika kumi. Sikupigii kukugombeza. Niambie kitu kimoja tu. Kwenye chupa ulitia nini?"

Kwa mbali, ndani ya simu, ilisikika kengele ya mlango wa studio ikilia, mteja anaingia, na hakuna anayemkaribisha.

"Mama?" Sauti ilikuwa imepoteza utamu wake wote. "Chupa ipi? Ya kwako... au za watu?"

Benchi zima likageuka kuelekea mlangoni. Na kisha, mmoja baada ya mwingine, wagonjwa wakaanza kufungua mikoba yao.